Nyaya za Wake Wenza

Kisa hiki nilisimuliwa kwanza na binamu yangu, fundi wa mitandao, siku ya Idi pale Chang'ombe. Alikuwa ametoka kupanga nyaya kwenye kabati la seva sebuleni kwa baba yetu mkubwa, mwenye wake wawili na televisheni ya intaneti chumbani kwa kila mmoja. Nyaya zote alizifunga fungu moja na kuzibandika majina.

Mke mkubwa akavaa miwani. "Huu wa juu wa nani?"

"Wa mama mdogo."

"Kwani nani aliolewa kwanza?"

Binamu akauhamisha. Mke mdogo akakunja mikono. "Sawa, awe juu. Lakini mimi na yeye hatufungwi kamba moja."

Baba mkubwa alikuwa anasubiri mpira. "Mwanangu, wape wanachotaka. Hapa sina intaneti wala chakula."

Nyaya zikapitishwa pande mbili za kabati, kila mke na upande wake. Mafundi husema nyaya hupangwa ili hitilafu ionekane upesi. Kwa baba mkubwa ilionekana siku hiyohiyo.

Yeye ametangulia mbele ya haki. Binamu yuko hai. Wajane wote wawili wako hai, na jioni hutazama tamthilia chumba kimoja, kwa waya mmoja. Ule wa pili ndio kamba yao ya kuanikia kanga.