Tulilima Siku ya Msiba

Mimi ndiye niliyemwosha. Nalisema mwanzoni kabisa ili asiwepo wa kuninong'ona pembeni, maana wameshaninong'ona vya kutosha. Asubuhi ile walipokuja kuniita kwamba mdogo wangu ameuawa, sikuuliza polisi wako wapi. Nilichukua ndoo, sabuni na kitenge kipya nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya Pasaka, nikateremka mbio. Sisi wawili tulizaliwa Kibimba tukaolewa Murukulazo, kwenye mlima mmoja, nyumba yangu juu, yake chini, katikati migomba ya majirani.

Kwetu mwanamke aliyekufa halazwi kwenye uchafu huku wageni wanaingia. Ni aibu ya ukoo mzima. Kwa hiyo mimi na mama mkwe wake, bibi mfupi mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, tulifunga mlango tukafanya kazi. Tulimwosha, tukamchana nywele, tukamvika. Nguo zilizoloa damu tulizichoma nyuma ya jiko. Sakafu ilikuwa ya udongo. Nilichukua jembe nikakwangua pale palipoloa, nikaumwaga ule udongo migombani, kisha tukasiriba upya kwa kinyesi cha ng'ombe. Polisi walipofika mchana walikuta nyumba inanukia sabuni. Mkubwa wao alivua kofia, akatutazama, akasema, "Mama zangu, mmefanya nini?" Mimi nikadhani ndiyo namna yake ya kutupa pole.

Mumewe alikuwa mnunuzi wa maharage, mtu wa kuchangia kanisani kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la nyuma. Alisema alilala Nyakanazi na mzigo wake, na kwamba majambazi ndio waliovamia nyumba. Kaburini alilia mpaka akaangukia miguu ya watu. Mtu mmoja akamrekodi kwa simu, na ile video ikatembea nchi nzima: mjane mwanamume, amepiga magoti kwenye matope, anaomba wauaji wa mke wake watafutwe. Watu wasiojua hata Ngara yetu iko upande gani wakalia naye. Wiki mbili baadaye alikamatwa, na wale wale waliokuwa wakimpa pole wakaanza kumtukana. Jamani, watu wana kazi! Waandishi wenye kamera walifika mpaka uani kwangu. Mmoja aliniomba nisimame karibu na kaburi niangalie mbinguni. Nikamwuliza niangalie nini huko, mvua? Akaniambia ni kwa ajili ya picha tu.

Mimi nilitaka kitu kimoja. Sikutaka fidia, sikutaka picha. Nilitaka mtu mmoja asimame mbele za watu aseme ni nani aliyemuua mdogo wangu, na muuaji awepo, asikie.

Aliyesimama alikuwa yule bibi, mama mzazi wa mshtakiwa. Kesi ilisikilizwa Biharamulo, watu wamejaa mpaka madirishani. Bibi alisema kwa Kihangaza, lugha yetu, na karani akatafsiri kwa Kiswahili. Alisema mwanawe hakulala Nyakanazi. Alfajiri ile alifika mlangoni kwake, akaomba maji, akaosha viatu, akaondoka. Wakili wa mshtakiwa akasogea, kijana mpole mwenye tai nzuri, akanyoosha mkono.

"Shikamoo bibi. Hapa nimeinua vidole vingapi?"

Bibi akakaza macho. Kisha akasema, "Vidole vyako sijavizoea. Mwanangu namjua kwa kikohozi. Hukohoa mara mbili kabla ya kusema hodi, tangu alipokuwa mdogo."

Wanaojua Kihangaza walicheka kwanza. Karani alipotafsiri, wakacheka waliobaki. Vicheko viwili kwa jibu moja. Hata watu wetu tuliokuja nao gari moja walicheka, wakaziba midomo. Bibi aligeuza uso huku na huku akitafuta kilichochekesha. Kizimbani mwanawe aliinamisha kichwa kama mtu anayeona aibu kwa niaba ya mama yake.

Siku ya hukumu jaji alisoma kwa sauti ya chini, muda mrefu. Sheria siijui, lakini kazi yangu naijua inapotajwa. Nilisikia ikisomwa yote: kuosha, kuchoma, kukwangua, kusiriba. Ushahidi wa ndani ya nyumba ulikuwa umepotea. Shahidi aliyemwona mshtakiwa hakuweza kuona. Mwenye gesti ya Nyakanazi alisema alimpa chumba. Yamebaki mashaka, na mashaka ni ya mshtakiwa. Aachiwe huru. Nje, upande mmoja walipiga vigelegele, upande mwingine wakarusha chupa za maji na kulaani. Yeye akapita katikati, amevaa shati jeupe. Aliponifikia akasema, "Shemeji, Mungu ni mwema." Mate yalinijaa mdomoni, nikayameza. Mpaka leo najuta kuyameza.

Gari la moja kwa moja tulilikosa, tukapanda lililokuwa likienda Nyakanazi ili tuunganishe. Pale stendi tuliingia kwenye kibanda cha chakula, mimi na bibi, maana ndugu zake wote walikuwa wameondoka na mwanawe na hakuna aliyemkumbuka. Kila meza ilikuwa na simu, na kila simu ilikuwa na sura ya mwanawe. Madereva wa malori walikuwa wakibishana kama wanaobishania mpira. Huyu alisema jaji amekula. Yule akasema kama ushahidi hakuna, hakuna, mtu afungwe kwa sababu ya video? Mwanamke aliyekuwa akipakua chakula akasema wanaume wote ni wale wale. Kisha dereva mmoja mnene, mdomo umejaa ugali, akasema, "Wa kuulizwa ni dada mtu. Ndiye aliyedeki damu yote. Ukiniambia hawakupanga na shemeji yake, mimi nakataa!"

Wenzake wakasema eeh, hapo umesema. Mmoja akaongeza kwamba yule dada huenda alikuwa na lake na shemeji. Mimi nilikuwa nimekaa meza ya pili, nachambua miba ya samaki ili bibi asikwamwe. Nilitaka kusimama niwaambie, nyie wanaume, mimi ndiye. Bibi alinishika kiganja chini ya meza akasema kwa Kihangaza, "Kula, mwanangu, gari litatuacha." Nikala. Chakula kile sikijui ladha yake hadi leo.

Sasa hapo mtu angedhani mimi na yule bibi tulikuwa kitu kimoja tangu siku hiyo. Thubutu! Nilimfikisha kwake, nikamwacha mlangoni, na baada ya hapo nikawa kama watu wengine. Mlima mzima ulikuwa umechukia. Mwanawe akikaribia kilabuni, watu walichomoa mirija yao kwenye chungu cha pombe ya ndizi, wakasema wameshiba. Kanisani benchi lake lilibaki yeye peke yake, na michango yake ikawa haipigiwi makofi tena. Yeye alijifanya haoni. Aliyeona ni mama yake, asiye na macho. Ukoo wake walimtenga kwa sababu alimshtaki mwanawe; majirani walimtenga kwa sababu alimzaa. Mwanawe alirudi kukaa naye nyumba moja, wala hakumsemesha. Na mimi nikikutana na bibi kisimani nilitoa "Shikamoo" ya midomoni tu, nikapita bila kungoja marahaba. Alikuwa na pua ya mwanawe. Hiyo ndiyo sababu yangu, wala sina nyingine. Mtu mzima ovyo!

Bibi alikufa msimu wa maharage, asubuhi, jua limeshatoka. Kwetu mtu akifa, mlima wote unaweka majembe chini. Hakuna anayelima mpaka azikwe, awe tajiri, awe mlevi, awe mchawi. Nimewaona watu wakiacha shamba lenye unyevu wa mwisho kwa sababu ya mtoto wa siku mbili. Asubuhi ile tulisikia sauti ya mwanamume mmoja akipiga yowe kule chini. Hakuna aliyemwitikia. Nikamwona jirani yangu anapita na jembe begani.

"Leo tunalima," akaniambia. "Akazike na mawakili wake."

Nami nikachukua jembe langu. Sitasema nililazimishwa. Nililima, na ilikuwa tamu! Shamba kwa shamba, mlima mzima, majembe yanasikika mpaka ng'ambo ya bonde, na nilijua kule chini mwanawe anayasikia moja moja. Nikasema moyoni, haya, hii ndiyo hukumu. Tangu mdogo wangu afe sikuwahi kuwa na furaha ya namna ile. Nililima matuta mawili bila kunyoosha mgongo.

Kisha jirani yangu akasema, "Na bibi naye, huko aendako akahesabu vidole."

Wakacheka, shamba la kwanza, halafu la pili lililochelewa kusikia. Nami nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nicheke. Lakini kicheko kile nilikuwa nimeshakisikia, kikija mara mbili vile vile, Biharamulo. Nikaona tunamlimia nani. Tulikuwa tunamwadhibu mtu mmoja tu katika nchi hii nzima aliyesimama akasema ukweli wa mdogo wangu, na akausema dhidi ya mtoto wa tumbo lake. Muuaji yupo hai, atakula jioni. Aliyelala bila kuoshwa ni shahidi.

Nikaweka jembe chini. Jirani akaniuliza, "We, vipi?" Nikamwambia naenda kuosha maiti. Akaniambia, "Tena? Huko kuosha kwako bado hakujatutosha?" Neno hilo alilisema mbele za watu, na hakuna aliyemkemea. Nilikwenda nyumbani nikachukua sabuni na kitenge.

Nilimkuta bibi amelala peke yake kwenye mkeka, mdomo wazi, nzi wanamtembelea. Mwanawe alikuwa amesimama chini ya mgomba, mikono haijui pa kukaa. Ana mvi siku hizi. Aliponiona akataka kulia, nikamkatiza.

"Maji," nikamwambia. "Mengi."

"Ndiyo, shemeji."

Niliingia, nikafunga mlango. Nilimfunga kidevu. Nikamtoa nzi machoni, yale macho yaliyotuangusha, na nikamwomba radhi kwa zile shikamoo zote za kisimani. Sikulia. Hasira ilikuwa imejaa mahali pa machozi, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa yangu mwenyewe kwa mwenyewe. Nje majembe yalikuwa bado yanalia, hayajapungua hata moja.

Kisha nikasikia hatua, ndoo ikawekwa chini kizingitini. Akakohoa mara mbili.

"Hodi," akasema.

Sikumfungulia. Niliinama sikioni kwa bibi, lakini nikasema kwa sauti kubwa, ya kuvuka mlango.

"Ni yeye, mama. Ulimwona sawasawa."

Nikangoja mpaka hatua zikaondoka, nikafungua mlango, nikaingiza ndoo, nikaanza kumwosha.