Rangi ya Uso wa Talaso

Mnaotaka kucheka chekeni sasa, mmalize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa nane mchana, nikiwa mzima wa akili, na sijaongeza chumvi hata punje.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, hapa mtaa wa Bulla Pesa, Isiolo. Chumba ninacholala ndicho ninachofanyia kazi, na mchana kutwa pazia jeusi limefungwa, kwa sababu jua la Isiolo likigusa skrini huwezi kujua rangi unayoiona ni ya video au ni ya jua. Kuna siku jioni hufika sijasikia sauti ya mtu ila ya spika. Sitawadanganya, inauma.

Siku moja Guyo, mchuuzi wa mbuzi, aliniletea kanda ya kamkoda ya harusi yake. Mkewe, Talaso, alifariki akimzaa binti yao Qabale, ambaye sasa ana miaka minane. Picha nyingine ya Talaso hakuna. Na mpiga video alikuwa amemkalisha bibi harusi mlangoni, jua likiwa nyuma yake! Kamera hizi ndogo hujiamulia zenyewe kiasi cha mwanga. Hiyo iliona jua, ikapunguza mwanga, uso wote ukawa mweusi kama sufuria ya kuni.

"Fundi, nitolee hiyo uso," Guyo alisema. "Mtoto ananiuliza mama alikuwa anakaa aje."

Nikamwambia akae nami anionyeshe rangi ya mkewe. Akasema ana mbuzi wa kupeleka sokoni. Soko siku hiyo halikuwepo, na sote wawili tulijua.

Basi nikafanya nilivyozoea. Nikainua giza, uso ukatokea wa kijivu. Nikaongeza wekundu kidogo, halafu nikapandisha mwanga mpaka uso ukang'aa. Hapa mjini bibi harusi hung'arishwa, ndiyo desturi yetu mafundi. Ni nani amewahi kurudisha video eti bibi harusi amekuwa mweupe mno?

"Salaam aleikum."

Sikusikia mlango. Mwanamke alikuwa ameketi kwenye stuli ya wateja, amejitanda shuka ya kijani. Nikaitikia. Nilidhani ni ndugu wa Guyo, ametumwa. Kusema kweli nilifurahi kupata mtu.

"Huyo si yeye," akasema, akitazama skrini. "Umemfanya mzungu."

"Alikuwa rangi gani, dada?"

Akanyoosha mkono wake kando ya skrini. "Weka kama hii."

Niaminini, sijawahi kufanya kazi vizuri hivyo. Nilishusha mwanga, nikarudisha giza kidogo chini ya macho, nikatoa ule wekundu wa uongo, kila mara nikiulinganisha uso na mkono ule. Ulikuwa na kovu la moto kwenye kifundo. Jambo moja nililiona, nikalipuuza: mwanga wa skrini ulikuwa umebadilisha rangi ya vidole vyangu, lakini mkono wake haukuubadilisha hata chembe.

"Unakula na nani?" aliniuliza katikati ya kazi.

"Na hii mashine."

Hakucheka. Alisema tu, "Pole, ndugu yangu." Nusura nilie.

Rangi ilipokaa sawa niliichezesha video. Bibi harusi akainua mkono kuvuta shela, na pale kwenye kifundo palikuwa na kovu lile lile. Nikatazama uso. Nikageuka. Stuli ilikuwa tupu, pazia halijatikisika.

Kesho yake Guyo alikuja na Qabale. Mtoto alitazama, kisha akaweka kiganja kwenye skrini. "Baba, ana pua yangu." Guyo alijifunika uso kwa kofia, akalia mbele yetu bila kuficha sauti.

"Nani alikuonyesha rangi yake?" akaniuliza.

Nikamweleza yote: shuka, kovu, stuli. Hakubisha. Aliuliza neno moja tu.

"Aliniulizia?"

Nilitamani kumdanganya, nikashindwa. Hakumuulizia.

Tangu siku hiyo mkono wangu hauwezi kumng'arisha mtu. Nikijaribu, naona mkono ule kando ya skrini. Wateja wengi wamehamia kwa mafundi wengine, na chumba kimekuwa kimya kuliko zamani. Kuna siku nasema "aleikum salaam" kwa sauti, na hakuna aliyenisalimu.

Sasa wewe unayenisikiliza, ukipeleka video ya marehemu wako kwa fundi, usiiache ukaenda zako. Kaa hapo, hata ukilia, umwambie rangi ilikuwa hii. Guyo aliogopa kukaa saa moja na mkewe. Mkewe alikuja, akakaa hiyo saa moja, na akanikuta mimi.