Mahudhurio ya Alhamisi

Usiku ule nililala na kitenge nilichotoka nacho mazikoni, bado kina vumbi jekundu la kaburi, kwa sababu sikuona kama nastahili kuoga na kujipaka mafuta kama mtu mwema. Mchana wake tulikuwa tumemzika Mwalimu Hilda, aliyenifundisha kusoma nikiwa darasa la pili. Uzeeni aliishi kwenye makao ya wazee ya masista, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwangu.

Kila Alhamisi nilikuwa nampelekea sungura wangu, Pamba, kwenye kikapu. Si wa kula, wa kushika. Majirani walinicheka mpaka wakachoka wenyewe: "Mama Eliya huyoo, anampeleka sungura kuamkia wazee!" Wacheke. Hawakuviona vidole vya Mwalimu, vilivyokunjwa na baridi yabisi hata kikombe akashindwa kukishika, vikikunjuka kimoja kimoja juu ya mgongo wa Pamba. Wazee wengine nao walimgombania. Mzee Kaniki, ambaye hakuwa akisema na mtu, alisema na Pamba.

Kisha mama mkwe akaja kututembelea, nami niko shambani. Akaona jikoni hakuna kitoweo na bandani kuna sungura sita. Akaingiza mkono, watano wakakimbilia pembeni, mmoja akamjia mwenyewe. Nilirudi na njaa, nikala, nikausifu mchuzi, nikaongeza. Jioni nilipokwenda kuwapa majani ndipo nikajua nimemla nani. Mama mkwe sikumlaumu, kwetu sungura ni nyama, na mimi mwenyewe nimekwisha kuchinja wengi. Ila Pamba alikuwa amefundishwa na wale wazee kwamba mkono wa mtu haumdhuru. Hilo ndilo lililomuua.

Sikurudi tena kwa masista. Ningewaambia nini? Alhamisi ya kwanza nikasingizia mafua, ya pili nikasingizia mvua, baada ya hapo nikaacha hata kusingizia. Wiki ya tano nikaletewa habari ya msiba. Pale kaburini Sista Agata akanishika mkono, akanipa kifurushi cha gazeti alichokikuta chini ya mto wa Mwalimu. Ndani yake mlikuwa na majani ya kabichi. Kila Alhamisi alikuwa akiomba moja jikoni, akamwekea Pamba. Mengine yalikuwa yamekauka kama tumbaku. Moja lilikuwa bado bichi.

Basi nikalala, na Mwalimu akaja.

Nilikuwa kwenye ukumbi wa makao, asubuhi, jua limeingia mpaka miguuni pa wazee. Mwalimu alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na Pamba alikuwa mapajani mwake, mzima, pua inachezacheza. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Kumbe hakuna aliyechinjwa, nikasema, kumbe hakuna aliyekufa. Nikapiga goti.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. Hakunitazama kwa hasira wala kwa upole. Alifungua daftari la mahudhurio, lile lenye jalada gumu, na mara ule ukumbi ni darasa letu la pili. Ubao ni uleule, madawati ni yaleyale yaliyochorwa kwa wembe, ila waliokaa ni wazee wamevaa masweta. Nami nimekaa katikati yao, miguu haifiki chini.

"Kaniki," anaita.

"Nipo," Mzee Kaniki anajibu, kabichi mkononi.

"Pamba."

Masikio yanasimama. Mwalimu anaweka alama ya vema.

"Neema."

Nafungua mdomo nijibu, mdomo umejaa nyama. Natafuna. Haimezeki, haitemeki. Darasa zima linanitazama nikitafuna, na hakuna anayecheka, afadhali wangenicheka. Nanyoosha mkono juu kama mtoto anayeomba kwenda chooni. Mwalimu anasubiri kidogo, kisha anainamisha kichwa na kuandika. Anaandika mara tano. Nasikia kalamu ikikwaruza.

Halafu anasimama, anakuja mpaka kwenye dawati langu. Ananyoosha vidole. Vimenyooka kabisa, kama vya zamani alipokuwa akitushika mikono kutufundisha kuandika herufi. Anaishika mikono yangu yote miwili. Yake ina joto.

"Ungekuja mikono mitupu, Neema," anasema. "Ningeishika hii."

Nataka kumwambia nilidhani anamsubiri sungura. Nataka kumwambia niliona aibu. Yeye anatazama nyuma, kule alikokaa Mzee Kaniki.

"Yule bado yupo," anasema, na kuniachia.

Niliamka nikisema "Nipo, nipo," kwa sauti, mpaka mume wangu akaniuliza nani ananiita alfajiri yote hii. Nikamwambia, Mwalimu. Nikalia hapo hapo kitandani, kilio ambacho kaburini kilikuwa kimenikatalia.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Kulipokucha nilikwenda bandani nikamtoa mmoja, mweusi, akanikwaruza mpaka damu ikatoka, akaruka akarudi kwa wenzake. Nikamwacha. Nikaoga, nikavaa kitenge safi, nikashika njia ya kwa masista bila kikapu, nikijizoeza kusema neno moja tu, nilimla, niwaambie wote kwa mdomo uleule uliosifu mchuzi.

Mzee Kaniki alikuwa ameketi karibu na dirisha, jani la kabichi limelala kwenye goti. Alinitazama mikono. Nikampa yote miwili.

Shikamoo yangu kwa Mwalimu haijaitikiwa hadi leo.