Bega la Jirani

Mwezi uliopita nilitoka Nachingwea kwenda Chinongwe kwenye sherehe ya kuwatoa wali wa jando, yaani wavulana waliomaliza kukaa kambini, nikakuta spika mbili kubwa kama makabati na kijana anayepiga kelele kwenye maiki. Ngoma haikuwepo hata moja. Nilikula pilau yangu, nikatabasamu inapobidi, lakini, ndugu yangu, mawazo yalikuwa yamesharudi kwenye uwanja uleule, siku ambayo nusura nikose mtu wa kunibeba.

Tulifika Chinongwe tukiikimbia vita Msumbiji, mimi na bibi mzaa mama. Mama yangu alishafariki. Mjomba, mtoto pekee aliyembakia bibi, alituvusha Ruvuma kwa mtumbwi, kisha akarudi ng'ambo kumfuata mkewe. "Nakuja," alisema. Bibi aliishi na neno hilo. Kila jioni alichemsha ming'oko, vile viazi vya porini, ya kumtosha na yeye, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa fungu lake.

Wenyeji walitupokea. Nilipukuta ufuta pamoja na watoto wao, wakanicheka Kiswahili changu, huku chao chenyewe kimejaa Kimwera. Mavuno yalipoisha, wavulana wa rika langu wakapelekwa jando, nami nikachukuliwa bila kuulizwa natoka wapi.

Shida ilikuwa siku ya kutoka. Siku hiyo mwali hutolewa kambini akiwa amekaa begani kwa mjomba wake, akinamama wakiimba wimbo wa ukoo wake. Asiye na mjomba hutembea kwa miguu nyuma ya wenzake, na kijiji hakilisahau jambo hilo.

Yaliyotokea nyumbani nilisimuliwa baadaye na mke wa jirani. Akinamama walikwenda kwa bibi kujifunza wimbo wetu wa Kimakonde. Walibangua korosho huku wakijikwaa kwenye maneno, na bibi akiwakaripia utadhani yeye ndiye mwenyeji. Wimbo ukakamilika. Likabaki bega. Jirani yetu, mkulima na mpiga ngoma, akajitolea, bibi akakataa katakata.

"Huyu ana mjomba wake. Mkimpa mwingine, mtakuwa mmemzika mwanangu."

Jirani alichuchumaa mbele yake. "Simziki, bibi. Namshikia nafasi tu. Akija, nashusha, namkabidhi mwenyewe."

Bibi akainuka, akaenda kuchemsha ming'oko ya jioni.

Siku ikafika. Tulipakwa mafuta, tukavishwa nguo mpya, ngoma zikaanza. Wenzangu walinyanyuliwa mmoja mmoja, vumbi na vigelegele, nikabaki peke yangu mbele ya watu wote. Jirani alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, lakini hakusogea. Alikuwa akimtazama bibi. Na bibi alikuwa akiitazama njia ya kusini. Aliitazama mpaka watu wakaanza kunong'ona, kisha akaanzisha wimbo mwenyewe. Alipofika kwenye jina la mjomba sauti ikamkatika, na akinamama wale waliojikwaa wiki nzima wakalidaka jina na kulimalizia. Hapo ndipo nikanyanyuliwa.

Bega lilinuka moshi na jasho. Kutoka kule juu nilimwona bibi anacheza, uso ameugeuzia njiani. Nilifurahi sana, na nikaona aibu kwa furaha ile.

Bibi alifariki akiwa bado anasubiri. Mwaka jana mtu wa kwetu aliniletea habari kwamba mjomba aliuawa wiki ileile aliyotuvusha, kabla hajafika kwa mkewe. Miaka yote ile tulikuwa tunampikia marehemu. Niliumia, na bado naumia, ingawa nashukuru kwamba bibi hakuyasikia.

Akinamama wale wengi wametangulia. Wimbo wetu mimi mwenyewe naukumbuka nusu tu, na sijui kama yupo anayeijua nusu nyingine.

Sherehe ilipoisha nilipita kwa jirani. Sasa ni mzee sana, anachanganya hata majina ya wanawe. Ngoma yake iko kona ya chumba, ngozi imetobolewa na panya. Mimi alinitambua. Akaniuliza swali analoniuliza kila nikienda.

"Mjomba kaja?"

Nilikuwa nimekwenda nimejiandaa kumwambia. Nilitazama yale mabega yaliyokonda ndani ya kanzu.

"Bado, mzee wangu."

Akalishika bega lake la kulia, akalisugua taratibu.

"Basi bado namshikia."