Siku Niliyotaja Yote Asiyoyaweza

Binti yangu alipofikisha miaka kumi na minane, faili lake lilihamishwa kutoka idara ya watoto ya halmashauri hadi ya watu wazima. Nilidhani ni karatasi tu zinazohama. Ana usonji tangu utotoni, daktari alishaandika, nani angebisha?

Afisa wa ustawi wa jamii alikuja kwetu Harrow, hapa London, mama wa makamo, mpole. Aliuliza kama binti yangu anaoga mwenyewe. Nikasema anaoga. Anakula? Anakula vizuri. Sikusema kwamba mimi husimama nje ya bafu nikimwambia, sasa sabuni, sasa funga maji. Kanisani nilikuwa nimezoea kumsifia ili watu wasimhurumie, na mbele ya mgeni huyu nikafanya vivyo hivyo.

Barua ikaja: hastahili kupata huduma.

Nilimwonyesha Mkenya mwenzangu tunayehudumia naye wazee kazini. Akaisoma yote.

“Dada, sheria haitosheki na jina la hali yake. Inauliza kama hali hiyo inamfanya ashindwe mambo mawili au zaidi ya kila siku, na kama hilo linamwathiri sana maishani. Na ukimkumbusha kila hatua, huo ni msaada. Kisheria, hawezi.”

“Lakini anaweza.”

“Basi waambie siku zake mbaya. Zote.”

Tuliomba upya, afisa yule akarudi. Safari hii binti yangu alikataa kubaki chumbani, akaketi kando yangu. Nikaanza. Siku aliyoshuka basi kituo asichokijua, akalia hadi polisi wakaja. Siku mbili alizokaa bila kula nilipolazwa hospitali. Mambo yake ya mwezi. Nilisema yote, naye akisikiliza huku akivuta uzi wa sweta.

Tulipewa msaidizi, siku tatu kwa wiki.

Lakini siku ile, afisa alipotoka, binti yangu, ambaye hunijibu kwa Kiingereza siku zote, aliniuliza kwa Kiswahili: “Mama, kumbe mimi siwezi kitu?”

“Unaweza mengi. Nilikuwa najibu maswali yao tu.”

“Lakini hukusema uongo.”

Msaidizi ni mtu mwema. Humpeleka maktaba, na binti yangu hurudi ametulia. Ripoti ya afisa, yenye yote niliyoyasema, ilipofika, binti yangu aliomba kuisoma. Inamhusu yeye, ningemkataliaje? Aliisoma kurasa zote mezani, polepole, kidole kikifuata mistari. Kisha akapanda chumbani kwake, na wiki nzima hakunisemesha.