Mpira Mwekundu Kwenye Usukani

Lori la saruji analoendesha mdogo wangu halina breki kwenye tairi za nyuma kushoto, na geji ya upepo haionyeshi hivyo.

Ilianza Ijumaa. Nauza spea jirani na gereji, hapa Tarime. Asubuhi hiyo lori likiwa limeshapakiwa, hozi inayopeleka upepo kwenye breki hizo ilipasuka. Fundi aliikunja na kuikaza kwa waya ili upepo usivuje, akaniagiza hozi mpya. Kisha akafunga kipande cha mpira mwekundu wa tyubu kwenye usukani. Kwa mafundi wa hapa, hiyo ni amri: ukiuona, usiondoe gari. Akaenda kuswali.

Mdogo wangu alikuwa mgeni kwenye malori. Alitoka Nyanungu, kuendesha trekta. Aliwasha injini, geji ikapanda vizuri. Ule mpira akaufungua, akafungia nao dumu la maziwa nyuma ya kiti, akashika njia ya Mugumu.

Fundi aliporudi alisimama pale lilipokuwa lori, akitazama doa la oili.

"Nani kafungua mpira?"

Tulipiga simu, haikupatikana. Nilikuwa nauwaza mteremko wa kushukia Mto Mara. Jioni akapiga mwenyewe.

"Nimefika, dada. Mbona mnanitafuta kama kuna msiba?"

Nikamweleza. Akacheka. "Ukikanyaga inavuta kulia kidogo tu. Hata ng'ombe wa jembe huvuta. Wewe uza spea, dada, usukani niachie mimi."

Fundi akaichukua simu. "Kijana, kule mteremkoni ulikutana na kitu chochote mbele yako?"

"Hapana, fundi. Njia ilikuwa nyeupe."

"Basi bado hujafunga breki za kweli," akasema, akanirudishia simu.

Nilidhani maneno hayo yangetosha. Lakini mwenye lori aliposikia limefika salama, akasema hozi isubiri mpaka saruji ya mteja iishe. Mdogo wangu akakubaliana naye. Kwake, kufika ndio ushahidi.

Leo asubuhi wamepakia tena. Amepita mbele ya duka langu akipiga honi, dumu limefungwa kwa mpira uleule. Ni siku ya mnada. Huko njiani ng'ombe wanaswagwa makundi kwa makundi. Simu yake haipatikani, na hozi mpya bado inaning'inia kwenye msumari dukani kwangu.