Maji Safi Yaliyofungiwa Kufuli

Mdogo wangu wa kike alipitishwa mbele ya mashine ya maji safi akiwa amefungwa kwenye keria ya baiskeli, macho yameingia ndani, na robine, bomba la kutolea maji la mashine ile, ilikuwa na kufuli na utepe mwekundu. Niliyaona hayo kwenye simu, nimesimama stesheni ya treni ya Seven Hills, huku ughaibuni, na nguo za kazi. Binti yake ndiye aliyeshika simu kule Kongo.

"Mama mukubwa, wamekatala kufungua. Wanasema tungojee prezida."

Mdogo wangu hakufika hospitali.

Prezida huyo si wa nchi. Ni wa chama chetu cha watu wa kijiji kimoja, hapa Guildford. Sisi ndio tuliotuma mashine: sola juu, machujio ndani, na taa fulani inayoua vijidudu vya maji ya ziwa. Mimi sikusoma, lakini kipindupindu nakijua. Kiliniangusha kambini nikiwa msichana, nikapona kwa bahati tu. Kwa hiyo fundi wetu wa kule kijijini alipotuma video anakunywa glasi nzima ya maji yake, nililia mbele za watu.

Kwenye mkutano wa chama nikauliza, basi si wafungue leo? Prezida akacheka, akasema mama huyu na haraka zake, hata bibi harusi anangojewa. Lazima aende mwenyewe kukata utepe. Fulana zenye picha yake zilikuwa tayari, ila bosi wake hajampa likizo. Pasta wetu wa hapa akaongeza kwamba kitu kisichoombewa hakiguswi. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, mjinga mimi.

Likizo ilichelewa wiki tano. Wiki tano watu wanachota ziwani, wanapita na madumu yao mbele ya mashine nzima isiyo na kasoro.

Siku waliyomzika mdogo wangu, fundi alikata utepe kwa kisu cha jikoni. Hakuna aliyesubiriwa. Maji yakatoka.

Kwenye matanga hapa, prezida alileta kreti za soda na kusema ni mapenzi ya Mungu. Fundi anasema aliagizwa na prezida afunge kufuli. Prezida anasema pasta ndiye aliyetaka maombi kwanza. Pasta ananiambia nisamehe.

Nisamehe nani, wakati hakuna aliyekubali kosa? Ninyi watatu, Jumapili simameni mbele ya kanisa, fundi kwa simu, mniambie kwa mdomo, bila sala: nani alisema watu wasinywe?